Dawa ya Kupumzika

Haya sijamwambia mtu. Hata kuyaandika naona aibu.

Mama alipomzaa mdogo wangu wa mwisho, mkunga alimwambia, nami nimeshika beseni la maji, kwamba akibeba mimba nyingine damu itammaliza. Ndiyo maana nilipofunga shule alinichukua twende Tororo, akimwambia kila mtu tunakwenda kununua kitambaa cha sare yangu.

Kwetu Masinya mwanamke hasemi anataka kuacha kuzaa. Anasema anataka kupumzika. Basi Mama akasimama katika duka la dawa, akamwambia Mhindi mwenye duka, kwa sauti, "Nataka dawa ya kupumzika."

"Umechoka, mama? Nenda lala," yule mzee akasema. "Kulala hapana bei."

Wanawake waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akadakia, "Nipe na mimi, bwana, mume wangu anakoroma!" Mama naye akacheka, lakini hakuondoka. Aliinama juu ya meza akamnong'oneza mzee. Mimi nilikazia macho mizani, masikio yananiwaka moto.

Mzee akaacha utani. "Iko, mama. Ile pale kabatini. Kumeza naweza kukufundisha sasa hivi. Lakini kukupa mimi hapana ruhusa, mpaka cheti ya daktari."

Tukaenda kwa daktari. Hata kumpima hakumpima. "Mlete mume wako," alisema, "aje aseme mwenyewe amekubali."

Baba ni dereva wa lori la pamba. Aliporudi safari, Mama alimweleza taratibu huku akimpakulia. Baba akarudisha tonge sahanini.

"Yaani niende nisimame mbele ya mwanamume mwenzangu, nimwambie nifungie mke?"

"Si kufunga, baba watoto. Kupumzika."

"Ni kufunga hukohuko. Ng'ombe wangu walikuja kwenu kufanya nini?"

Hakugomba. Alisema kama mtu aliyeumizwa. Mama hakulitaja tena, na kabla ya mavuno alikuwa na mimba.

Alijifungua asubuhi. Mkunga aliomba nguo, tukampa kanga, shuka, mpaka mapazia, na zote zikalowa. Jua halijafika kichwani Mama akatutoka. Mtoto akabaki.

Wageni wa matanga walipokwisha kwenda zao, Baba alikuja jikoni, nikimchemshia mtoto maziwa. Huwa haingii jikoni. Akauliza bila kunitazama, "Ile dawa mliiona kwa macho?"

"Tuliiona."

"Na huyo Mhindi alishindwa nini kumpa tu?"

"Hana ruhusa, Baba. Alitaka cheti cha daktari, na daktari alikutaka wewe."

Nilitaka kumshika mkono, lakini kwetu msichana hamshiki baba yake hivyo. Mtoto akaanza kulia, Baba akamwinua yeye mwenyewe. Hakujua kumshika, kichwa kikalegea nyuma. Nikaweka kiganja changu chini ya shingo ya mtoto, tukasimama hivyo mpaka maziwa ya ng'ombe yakapoa.