Mke wa Kabla ya Ubatizo

Kwaa! Ndivyo boriti ya paa ilivyolia siku nyumba yake ilipobomolewa, na hadi uzee huu Bibi Dobi bado anaisikia, hasa akiwa ameinama juu ya karai na mgongo umeanza kumsuta.

Aliyeibomoa ni mumewe, kwa shoka lake mwenyewe, na wala hapakuwa na ugomvi. Serikali ilikuwa imetangaza kodi kwa kila nyumba, na mwanamume mwenye wake wawili alikuwa na nyumba mbili. Misheni nayo ilikuwa imetangaza kwamba mwenye wake wawili habatizwi, na asiyebatizwa hapewi kazi ya kufundisha dini. Wageni wale, wa bunduki na wa msalaba, hawakuwa wakipatana sana, lakini safari hiyo walivuta kamba upande mmoja. Mke mdogo alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Mke mkubwa hakuwa na mtoto. Shoka likajua pa kuanzia.

Padri Ndevu, ambaye siku hizo ndevu zake zilikuwa bado nyeusi, alimwonea huruma akampa kazi ya kufua. Basi mwanamke aliyeachwa ili mumewe abatizwe akaishia kufua vitambaa vya altare. Alifua kanzu za mapadri na mashuka ya masista. Alifua pia kanzu ya mwalimu wa dini, yaani huyo huyo mumewe wa zamani, na kwa harufu ya jasho tu alijua wiki gani alikuwa na homa. Mwalimu alipokuja kuichukua, walisalimiana kama watu waliokutana kisimani.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwalimu. Nyumbani hawajambo?"

"Hatujambo."

Maisha yakapita hivyo, maji yakimwagwa na kutekwa mengine, mpaka mke mdogo alipofariki masika yaliyopita. Bibi Dobi alilifua shuka la kufunikia jeneza akalinyoosha mwenyewe. Aliyetaka kumsaidia aliambiwa akae kando. Na yule marehemu hawakuwahi kugombana. Marehemu alichukua tu kilichobaki, na hata hicho alipewa.

Ikapita miezi michache, na asubuhi moja mpiga pasi, mwanamke mwenye ulimi usiojua kupumzika, akamkuta kwenye kamba ya nguo.

"Shoga, bi harusi hajifulii nguo! Nipe gauni lako nikunyooshee."

"Gauni gani tena?"

"Usinifiche mie. Mpishi wa mapadri kasikia yote mlangoni. Mwalimu kaenda kwa Padri kukuomba akuoe tena. Kaburi halijaota majani, mzee tayari anatafuta wa kumpashia maji ya kuoga!"

"Mdomo wako una moto kuliko hiyo pasi."

"Nijibu basi. Utakubali?"

Bibi Dobi alikamua shuka mpaka tone la mwisho. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji, na siku hizi havinyooki tena hata vikikauka.

"Nimechoka, shoga," alisema. "Nikifikiria kwamba jioni kutakuwa na mtu wa kuniuliza kama nimekula, moyo unalegea."

Mpiga pasi alishika ncha ya pili ya shuka, wakalianika pamoja.

Mchana Bibi Dobi akaitwa ofisini kwa Padri Ndevu. Kilikuwa chumba kidogo chenye kabati, meza na viti vya mbao vilivyonyooka migongo hata kuvikalia ni toba. Mwalimu alikuwa amekwisha fika, kofia mkononi. Padri, ndevu zake sasa nyeupe kama pamba, aliwatazama kwa furaha ya kweli.

"Mungu amenyoosha palipopinda," alisema. "Sasa mtaishi katika ndoa ya kweli."

"Na ile ya kwanza, Baba?" Bibi Dobi aliuliza. "Ile ilikuwa nini?"

"Ile ilikuwa desturi tu, mama. Mlikuwa bado gizani. Mwalimu amelifundisha jambo hili miaka yote."

Bibi Dobi alimkumbuka baba yake, mgonjwa, akimshika kiganja na kukiweka katika kiganja cha kijana huyu huyu aliyekuwa sasa mzee mwenye kofia mkononi. Alimkumbuka mama mkwe aliyemwita mwanangu mpaka alipofumba macho. Yote hayo yalikuwa desturi tu.

"Sikuja kubishana, Baba. Hata kesho tufungishe ndoa. Nina ombi moja. Mwalimu aseme hapa, mbele yako, kwamba nilikuwa mke wake. Akisema, mimi nakuja."

Padri alijisugua macho. "Sema unavyojua, mwalimu," alisema mwishowe, kama mtu aliyechoka.

Mwalimu aliizungusha kofia. "Mama, ya kale tuyaache. Tumezeeka. Ukiugua nani atakukorogea uji?"

"Nimekuomba jambo moja tu, mume wangu."

Mzee aliwakumbuka wanaume wote aliowafundisha dini. Wangapi walibomoa nyumba kwa sababu yeye aliwaambia hapakuwa na mke ndani?

"Nikisema ndiyo," alinong'ona, "wale wote nitawaambia nini?"

Akaiinamia kofia yake. Bibi Dobi alingoja. Alingoja kwa subira ileile ya kungojea nguo zikauke siku ya mawingu, na kwa tamaa pia, kwani alitaka kusikia. Mzee hakuinua uso. Basi Bibi Dobi akashika ukingo wa meza, akasimama polepole, akamwinamia sikioni na kusema taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto:

"Basi hatujuani, mwalimu. Na mimi siolewi na mtu nisiyemjua."