Fundi Pamba na Bunduki ya Mkewe

Fundi Pamba hajawahi kuosha hata kikombe chake mwenyewe, na mkewe alishachoka kusema. Lakini mpe bunduki uone! Pale klabu ya shabaha, anakotunza bunduki za mashindano, kila mtutu huupitishia ufito wenye pamba na mafuta. Ikitoka nyeusi anabadilisha, mpaka itoke nyeupe pe. Hata mifukoni hutembea na pamba, ndipo alipopatia jina.

Mkewe ndiye mlengaji bora wa klabu. Mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho kuwania timu ya taifa, maana jicho lilishaanza kumgomea. Siku moja kabla ya mchujo alirekebisha darubini ya bunduki yake mpaka risasi zikapiga katikati kabisa, kisha akamwambia mumewe asiiguse. Fundi akacheka. Kwani yeye mtoto? Si yeye anayewafundisha watu kila siku kwamba mtutu uliotoka kusafishwa hurusha kombo risasi ya kwanza, mpaka ushike masizi kidogo? Na kwenye mchujo hakuna risasi ya majaribio.

Mkewe alipoingia jikoni, Fundi akachungulia mtutu. Kuangalia tu. Akaona masizi. Sasa mke wa fundi mzima ataendaje mbele za watu na bunduki chafu namna ile? Mazoea yana tabu, jamani. Akili ilipozinduka, mtutu ulikuwa unang'aa.

Asubuhi alifungua mdomo mara kadhaa aseme, akaishia kusifia chai.

Kwenye mchujo, risasi ya kwanza ilipiga juu. Mkewe akageuka, akamtazama yeye. Zilizofuata zote alizipanga katikati, lakini nafasi aliikosa kwa ile moja.

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Walipofika nyumbani, akajikaza kiume.

"Mke wangu, niliisafisha."

"Nimeona." Wala hakupaza sauti. "Ungeniambia asubuhi, ningelenga chini kidogo. Basi."

Kusafisha angesamehewa, ile chai ndiyo iliyomponza.

Mkewe akaiweka bunduki mezani mbele yake, taratibu, kama anayemwandalia chakula.

"Haya, isafishe upendavyo," akasema. "Mimi sina kazi nayo tena."