Gesi ya Shimoni na Chungu cha Mama Mpishi

Sifa ni za Mungu aliye hai, aliyempulizia mwanadamu pumzi puani kabla hajamfundisha hata jina lake. Ninamshukuru kwa miaka aliyonipa, kwa macho ambayo bado yanasoma Neno bila miwani jua likiwa kali, na kwa subira. Subira hiyo niliitumia karibu yote mwaka ule niliofanya kazi na wachimbaji wa mafuta.

Nilikuwa nimestaafu ualimu hapa Uvira, na kanisani ni mzee wa baraza. Kampuni moja ilikuja kutafuta mafuta katika uwanda wa Ruzizi, mbele ya Sange, mahali ambapo tangu utoto wangu hapakuchimbwa kitu isipokuwa mifereji ya mpunga. Injinia wao wa usalama alitoka upande wa magharibi ya nchi. Alikuwa na Kifaransa na Kilingala, na vibarua walikuwa na Kiswahili, Kifuliiru na Kirundi. Alitafutwa mtu wa kumtafsiria, nikaitwa. Kila asubuhi, kabla ya kazi, tulisimama chini ya banda la mabati, yeye anasema, nami nasema nyuma yake.

Somo lilikuwa moja tu. Ardhini kuna gesi inayonuka kama yai viza. Kisima cha mafuta huchimbwa kwa kuteremsha matope maalumu, nayo yakirudi juu huja na gesi hiyo. Hapo kwetu matope yalirudi katika shimo la saruji lenye kina kumpita mtu, na kikosi kimoja kilikuwa na kazi ya kushuka humo kuzibua mabomba. Kikosi hicho kilipewa kipimo kidogo cha manjano, cha kubanwa kifuani. Kinaonyesha namba. Ikifika kumi, kinalia, na kila mtu lazima atoke.

Kumi ya nini? Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Ni sehemu kumi za gesi katika sehemu milioni za hewa. Nikawaza: hawa ni watu wa mpunga, nitawapa mfano wa mchele.

"Chukueni magunia ya mchele," nikasema, "mpaka mpate punje milioni. Mchanganye humo punje kumi tu za changarawe. Hicho ndicho kiwango. Zikizidi, hewa hiyo si ya mtu tena."

Mmoja akainua mkono. "Mzee, mchele wa Sange iko na changarawe kuliko ile, na tunakula kila siku!"

Wakacheka mpaka injinia akauliza wanachekea nini. Mwingine akasema, "Kama wazungu walipimiwa kumi, siye watu wa kubeba mizigo mutupatie makumi mbili. Tuko na kifua."

Huyo aliyedai ishirini alikuwa mpagazi wa zamani wa bandari ya Kalundu, mwenye shingo ya fahali, aliyezoea kushusha magunia ya simenti kutoka melini akiimba. Nilimwambia kwamba kiwango si posho ambayo mwenye nguvu anaongezewa, wala si sahani ambayo mtu anatakiwa kuimaliza. Nilimwambia kwamba kuna kiwango cha kutwa nzima na kuna cha dakika chache, na kwamba vyote viwili ni ukingo wa mtaro: hatutembei juu yake, tunakaa mbali nao. Nilimwambia pia jambo ambalo injinia alilirudia kila siku, kwamba gesi ikizidi sana pua hufa, harufu inapotea, na mtu anadhani hewa imetakata kumbe ndiyo imekuwa ya kuua.

"Ndiyo, Mzee," akajibu. "Tumesikia."

Mimi nimefundisha watoto miaka mingi. Najua "tumesikia" ya mtoto anayetazama dirishani.

Sasa niwaeleze habari ya mama mpishi, maana yote yaliyofuata yalimwangukia yeye. Alikuwa mjane, alipanga chumba Sange na watoto wake, na kampuni ilimpa kazi ya kuwapikia vibarua. Bugali wake haukuwa na mabonge, sombe yake, yaani kisamvu, ilitwangwa vizuri, na siku za ndagala, wale dagaa wa ziwani, watu walilamba vidole. Hakuwa mzaliwa wa pale, na hakuwa na kaka wala baba mdogo wa kusimama nyuma yake. Kwetu huko jambo hilo ni zito. Mjane asiye na watu akishukiwa, hana wa kumwambia mshitaki "kaa chini."

Na kwetu mtu hafi tu. Mtu akianguka baada ya kula, watu husema karuho, yaani sumu ya kulishwa, na swali la kwanza huwa "alikula kwa nani?" Dawa ya kwanza ni maziwa. Nimeona watu wenye malaria wakijazwa maziwa mpaka wanatapika, na jirani asiye na kosa akihama mji.

Siku moja chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha kuliwa. Mpagazi alirudi shimoni. Wenzake walisema baadaye kwamba alipiga kelele kutoka chini, "Harufu imeisha! Leo hewa iko muzuri!" Kisha akanyamaza.

Aliyemfuata alikuwa mwenzake, shemasi wa kanisa moja la maombi, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi. Aliruka bila maski, akamfunga kamba kiunoni, wakavutwa wote wawili. Ushujaa huo Mungu aliuona. Lakini somo letu la kila asubuhi lilikuwa hilo hilo: usimfuate aliyeanguka bila maski, mtakuwa wawili.

Nilipofika, mpagazi alikuwa chali, midomo imebadilika rangi, na mtu mmoja amepiga goti kichwani pake na kopo la maziwa. Injinia anapiga kelele kwa Kifaransa, mimi napiga kelele kwa Kiswahili: "Usimmiminie! Hajui kumeza, utamzamisha!" Yule mwenye kopo akanitazama kana kwamba mimi ndiye mchawi. "Mzee, unataka afe? Ni karuho hii!" Ilibidi nimshike mkono. Wakampa hewa ya chupa, muuguzi wa kampuni akapanda naye gari, wakaenda Uvira hospitalini.

Gari lilipoondoka, nilifikiri tutaomba. Wao wakaelekea jikoni.

Mama mpishi alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Mbele yao wote alisimama kapita, msimamizi wa kikosi cha shimoni.

"Asubuhi alikuwa muzima," kapita akasema. "Amekula kwako, ameanguka. Tuseme nini?"

"Baba zangu," mama akasema, "chungu ni kimoja, mwiko ni mumoja, mumekula wote. Sumu inachaguaka?"

"Karuho inafichwaka mu kucha, mama. Inawekwa mu sahani ya muntu mumoja."

Akanyoosha mikono yake. Kucha zilikuwa zimeliwa na majivu na sabuni, hapakuwa na mahali pa kuficha hata chumvi. "Angalieni," akasema. Hakuna aliyeangalia. Wengine walikuwa tayari wanaulizana mume wake alikufa namna gani. Nilimwona akivuta kanga begani na kutazama njia ya kwenda barabarani, akipima kama angeweza kuwapita.

Nikajiweka kati yao na yeye. Si kwamba nilikuwa na nguvu, lakini mvi bado zina heshima kidogo kwetu. Nikamwita shemasi, ambaye alikuwa amekaa chini, macho mekundu, ameshika kichwa.

"Ndugu shemasi, weye unaumwa nini?"

"Kichwa, Mzee. Macho inawaka. Nimetapika maji matupu."

"Kama yule mwenzako?"

"Kama yeye, lakini kidogo."

"Haya. Leo ulikula nini kwa mama huyu?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Mzee, unanijua. Niko mu mafungo. Tangu jana sijaonja hata maji."

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikasema, sasa imekwisha. Mtu ambaye hakula ana ugonjwa uleule wa aliyekula. Hata mtoto wa darasa la kwanza ataona.

Sauti ikatoka nyuma: "Basi alimusalimia mu mukono!"

Na nyingine: "Ama aliipulizaka mu upepo!"

Bwana anisamehe yale niliyowaza wakati huo. Injinia akauliza wanasema nini. Nikamtafsiria. Akageuza ndoo, akaikalia, akashika kichwa kwa mikono miwili, na kwa muda haikujulikana nani kati yao ameingia shimoni na nani hakuingia.

Kisha akauliza, "Kipimo kiko wapi?"

Kapita akaonyesha juu. Kando ya shimo kulikuwa na nguzo ndefu ya taa, na huko juu, kimefungwa kwa kitambaa safi, kipimo chetu kilikuwa kinang'aa.

"Kimefika huko namna gani?" nikauliza.

"Mzee, ile ni kitu ya bei kali," kapita akasema, na aliongea kwa adabu kabisa, kama mtu anayeeleza jinsi alivyotunza kitabu cha ibada. "Hatuwezi kukipeleka mu matope. Tulikitundika pahali pazuri. Na kilisema nne. Haikufika kumi. Tulikiangalia kila saa."

Walikiangalia! Watu hawa walitii namba. Walihesabu kiwango kwa uaminifu, wakakihesabia juu ya nguzo, mahali ambapo mwewe ndiye angefanya kazi. Kila asubuhi nilikuwa nimesema kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, inakaa bondeni kama maji ya mpunga. Lakini kwetu kitu cha thamani hakiwekwi chini. Redio huwekwa juu ya kabati, picha ya harusi hutundikwa karibu na dari, na Biblia yangu mwenyewe iko kwenye rafu ya juu. Nani angekipeleka kitu kinachong'aa hivyo shimoni?

Injinia akakishusha, akakifunga kamba, akavaa maski. Tulisimama upande upepo unakotoka, akakiteremsha taratibu. Hakikufika hata nusu ya shimo kikaanza kulia. Kilipozama zaidi kililia na kuwaka taa, sauti kali ya kutoboa masikio. Akakipandisha, baada ya muda kikatulia. Akakishusha tena, kikalia tena.

Nikawageukia. "Nani amekipa hiki bugali? Nani amekisalimia mkononi?"

Yule yule wa changarawe za Sange akasema, "Mzee, labda nacho kilikulaka kwa mama!"

Mtu mmoja akacheka, wa pili akajaribu kujizuia akashindwa, na mara kikosi karibu chote kikacheka, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa. Nimehubiri mara nyingi, lakini mahubiri yangu hayajawahi kutawanya umati kama mzaha ule. Kapita peke yake hakucheka.

Jioni hiyo mama alikwenda nyumbani salama. Lakini msidhani ukweli ukishaonekana, mambo hunyooka. Kesho yake alipika, na sahani zikakaa zimefunikwa. Vibarua walikuja na mahindi ya kuchoma na ndizi, wakala wakiwa wamempa mgongo. Injinia nami tulikula peke yetu, tukisifu sombe kwa sauti kama wauzaji wa sokoni. Siku zilizofuata zikawa vile vile.

Nikamfuata kapita. "Uliona kipimo kikilia."

"Niliona, Mzee."

"Sasa kwa nini huli?"

"Minye sisemi ni yeye. Nasema tu watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu."

"Mwanangu, kapita, watu ni weye! Ukila, wanakula. Wakisikia huko Sange kwamba kikosi kizima kimekataa chakula chake, nani atamwacha aishi pale na watoto wake?"

Akakuna shingo. "Tungoje kwanza, Mzee. Jambo lipoe."

Jambo lipoe! Wakati wao wanangoja lipoe, mwenye nyumba alikuwa ameshamwambia mama atafute pengine. Alimpa mpaka mwisho wa juma. Siku hiyo ilipofika, mama alikuja asubuhi akisema atapika mara ya mwisho, kisha atakusanya vyungu vyake aende, ingawa hakujua aende wapi.

Wakati wa chakula, pikipiki ikasimama, na mpagazi akashuka, ametoka hospitalini. Alikuwa amepungua, anatembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai. Watu wakamzunguka. Yeye akawapita, akaenda jikoni.

"Mama, niko na njaa."

"Sikupatii," mama akasema. "Ukijikwaa mu njia, watanichoma."

"Basi nitajipakulia."

Akachukua mwiko mwenyewe. Akaweka bugali, akaweka sombe na ndagala, akakaa mahali ambapo kila mtu anaona, akaomba, akala. Kisha akainua sahani kuelekea kwa kapita.

"Kapita, karibu."

Kwetu mtu akikukaribisha sahani moja naye, kukataa ni kumshitaki. Kapita alijua, na sisi sote tulijua kwamba anajua. Alitazama ule bugali muda mrefu. Akanawa mikono, polepole mno, akamega tonge dogo kama la mtoto mgonjwa, akalichovya, akameza.

"Ongeza," mpagazi akasema. "Ile gesi ulivutaka siku ile kando ya shimo ilikuwa karuho kubwa kuliko hii."

Akaongeza. Wengine wakaja na sahani zao mmoja mmoja, hawatazami mama usoni. Naye hakutabasamu. Alisema tu, "Mukimaliza, kila muntu aoshe sahani yake. Leo minye sioshi." Wakaosha, wanaume wazima, wakigombania majivu.

Mpagazi na kapita walikwenda pamoja jioni hiyo kuongea na mwenye nyumba, na mama akabaki katika chumba chake. Nasikia wako wanawake huko sokoni ambao mpaka leo hawapokei kitu mkononi mwake. Hilo sikuweza kulimaliza.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akubariki wewe na nyumba yako. Akupe mikono isiyo na kazi ya kunyoosha vidole, akupe rafiki wa kuja kula mezani pako siku ambayo wengine wamekupa mgongo, na wewe mwenyewe akufanye rafiki wa namna hiyo kwa asiye na watu. Amina.