Ndege ya Babu Yenye Miguu ya Mitumbwi

Sisi tuliokulia Singida mjini miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, tulikuwa na raha zetu. Tulicheza rede mpaka mama atuite kwa majina yote matatu, na robota la mitumba likifunguliwa dukani kwa baba tuliacha hata ugali. Kabla ya hapo sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Mara duka likajaa kanga, biskuti na mashati yanayonuka dawa, tukajiona tumefika Ulaya. Watoto wa leo wananunia viatu vipya kwa sababu ya rangi. Sisi kiatu kikibana tulikunja vidole, tukashukuru.

Barazani mwa duka alikaa babu, mzaa baba, pamoja na rafiki yake Mzee Mghenyi, aliyekuja kwa baiskeli kila alasiri. Wote wawili walikuwa askari wa Mwingereza katika Vita Kuu ya Pili. Babu alirudi na picha aliyopigwa bandarini huko Misri, kifua mbele, nyuma yake ndege yenye miguu miwili kama mitumbwi. Kwenye mkia, palipokuwa na alama ya nchi yake, mende walishatafuna.

"Hii ya Mjerumani, tuliiteka," babu husema.

"Mjerumani gani, bwana!" Mzee Mghenyi hujibu. "Ya Mwingereza hiyo. Mjerumani angejulia wapi kutua majini?"

Hapo kahawa humiminwa, kashata hukatwa, na ubishi huendelea hadi magharibi. Sisi wajukuu tulikuwa upande wa babu. Tukienda ziwa Singidani tulitazama ndege aina ya mwari wakitua majini, miguu mbele, tukawapigia makofi kama marubani wetu.

Siku moja, nikiwa darasa la tatu, nilikuwa namsaidia mama kukung'uta nguo za robota jipya. Nikaona shati la kulalia la mtoto, limechorwa ndege tupu, kila moja na jina lake chini. Moja ilikuwa na miguu ya mitumbwi! Nikatoka mbio hadi barazani.

"Umelala na sisi?" babu akanikatiza. "Salamu iko wapi?"

"Shikamoo babu, shikamoo Mzee Mghenyi, tazameni!"

Wakaweka picha juu ya shati. Vioo vilevile, pua ileile, vyuma vya miguuni vilevile. Chini yake pameandikwa Arado, na mkiani kuna alama ya Mjerumani, nyeusi ti. Babu alishangilia mpaka kofia ikaanguka. Mzee Mghenyi akamaliza kahawa yake, akapanda baiskeli kabla ya magharibi.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Tukasikia ameonekana sokoni, mzima kabisa. Babu akawa anakaa peke yake na birika, anagombana na nzi. Nami niliumia sana, maana nilijiona ndiye niliyemfukuza rafiki yake.

Ijumaa babu akanishika mkono, shati kwapani, tukaenda kwa Mzee Mghenyi.

"Mwenzangu, nimefikiri," babu akasema. "Shati hili limeshonwa na fundi cherehani. Fundi cherehani anajua nini habari za ndege za vita?"

Mzee Mghenyi akalitazama shati, akamtazama babu.

"Hata mimi nilitaka kusema hivyo. Nikaona utanuna."

Walicheka mpaka wakakohoa. Tuliporudi babu akaamuru shati liwe dekio, na kesho yake alasiri kengele ya baiskeli ikalia barazani. Sijawahi kumpenda babu kama siku ile.

Siku hizi wanangu wakibishana, mmoja anachomoa simu, jibu linapatikana kabla chai haijapoa, kila mtu anarudi chumbani kwake. Wanajua mengi, nawasifu. Ila babu alijua kwamba ile ndege ni ya Mjerumani, na hadi anazikwa alikubali kubishiwa kila alasiri, ili tu mwenzake apate sababu ya kuja.