Vyumba Vinne vya Bondeni

Nyumba yetu ya kwanza ya kupangisha tuliinunua Bondeni, hapa Nakuru, katikati ya miaka ya hamsini. Aliyetuuzia alikuwa mzee mmoja aliyechoka na mji, akataka kurudi kwao. Ilikuwa na vyumba vinne kwa mstari mmoja, kuta za fito na udongo, mabati yaliyoanza kushika kutu, na choo cha shimo nyuma. Mume wangu alifanya kazi kwenye treni za mizigo, leo yuko Kisumu, kesho kutwa yuko Nairobi. Mimi nilifuma masweta na kuyauza sokoni, na mara nyingine niliyapeleka hadi mashamba ya Bahati, ambako baridi ya asubuhi haina mzaha. Tuliweka akiba zetu pamoja, tukaandikiana karatasi na yule mzee mbele ya karani wa manispaa, na siku ileile mume wangu akapanda treni. Aliniachia funguo nne zimefungwa kwa kamba ya kiatu.

"Chumba kimoja ni chetu," aliniambia. "Hivyo vitatu vitafutie watu."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilidhani kutafuta watu ni kusimama mlangoni tu na kungoja.

Ng'ambo ya njia aliishi mjane mmoja, mama Mwislamu wa umri wa mama yangu, mwenye vyumba vyake vinane. Alikuwa amekaa Bondeni tangu nyumba zilipokuwa za kuhesabu. Aliniona nikifagia, akavuka na kikombe chake cha chai mkononi.

"Binti, umeshakaa ndani ya hivyo vyumba?"

"Nimevifagia vyote, Mama."

"Sikukuuliza kufagia. Siku ya mvua chukua kigoda, uketi ndani ya kila chumba mpaka uchoke. Ukikodisha kitu usichokijua, mpangaji ndiye atakayekufundisha, na atakufundisha kwa matusi."

Mvua ilinyesha Alhamisi. Nilichukua kigoda na sweta nililokuwa nikifuma, nikahama chumba hadi chumba. Katika cha pili nilisikia kila kitu kilichosemwa upande wa pili wa ukuta wa fito. Katika cha tatu tone lilinidondokea shingoni, nikasogea, likanifuata. Cha nne kilikuwa kizuri, kikavu, na dirisha lake lilitazama mlima Menengai. Kesho yake jua lilikausha ardhi, upepo wa alasiri ukaanza, nami nikajua pia ni mlango upi usiofunga sawasawa, maana wakati huo ziwa la Nakuru lilikuwa limekauka ukingoni na vumbi lake jeupe la magadi liliingia popote palipo na ufa. Jioni nilimpelekea yule mama habari zote kama mtoto aliyetoka shule. Alicheka, akanielekeza kwa fundi wa mabati.

Wapangaji wa kwanza walikuwa dresa wa hospitali, mfunga vidonda, na mkewe mja mzito, watu wa upole, waliosalimia hata kuku wa jirani. Hao niliwapa cha nne. Cha pili kilichukuliwa na ndugu wawili waliotengeneza koroboi, zile taa ndogo za mafuta, kwa makopo. Waligonga nyundo mchana kutwa, lakini niliwaambia mapema kwamba jua likizama nyundo nazo zilale, wakakubali, wakatimiza. Wakati ule wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, askari waliweza kubisha wakati wowote, kwa hiyo kila aliyeingia nilimwomba kwanza anionyeshe kipande chake, kitambulisho cha siku zile. Hilo pia nilifundishwa ng'ambo ya njia.

Lakini cha tatu nilikipangisha kwa akili zangu mwenyewe. Alikuja bwana mmoja mwenye kofia na tai, viatu vinang'aa, Kiingereza kidogo ndani ya Kiswahili. Alisema ni karani. Nilivutiwa mno hata nikampunguzia kodi kabla hajaomba. Siku ya tatu niliamshwa na jogoo. Nilidhani ni wa jirani, mpaka alipojibiwa na mwingine, na wa tatu, wote kutoka cha tatu. Yule karani alikuwa akinunua kuku Lanet na kuwauza mjini, na aliishi nao mle ndani, wapata kumi na watano. Kumbe ukarani wake ulikuwa wa kuku.

Nilikwenda kwa yule mama nimefura.

"Ulimuuliza nini alipokuja?" akasema.

"Anafanya kazi gani."

"Kazi kila mtu anayo mdomoni. Muulize alikotoka alihama kwa nini, halafu nyamaza, umtazame."

"Sasa nifanye nini?"

"Rudi ukamwambie wewe mwenyewe. Usimtume mtu, wala usimngoje mumeo."

Nilirudi, nikabisha mlango wa cha tatu. Bwana yule alinipokea kwa heshima zote, akiwa na kuku mmoja chini ya kwapa. Nilimwambia chumba ni cha watu. Aliniuliza kama nina habari kwamba kuku hawa ni wa kizungu. Nikamwambia hata wangekuwa wa gavana. Akacheka, nami nikacheka ingawa sikutaka, na mwisho wa wiki akahama na matenga yake. Aliniachia mayai sita juu ya dirisha, na harufu iliyokaa mwezi mzima.

Chumba kilikuwa bado kitupu, mlango wazi ili kipate hewa, msimu wa mvua ndefu ulipofika. Watu wa Nakuru wanaijua ardhi yetu. Chini ni majivu ya mlima wa moto wa zamani, na mvua ikizidi, mahali palipokuwa pagumu jana panaweza kutitia leo. Nilikuwa nimesikia habari hizo, lakini za kwa wengine. Alasiri moja mke wa dresa alikuwa uani anaanika nepi, mtoto wake wa wiki tatu mgongoni, nami niko kando yake. Tulisikia mlio kama gunia la mahindi linaloangushwa. Pembe ya chumba cha nne ilizama, ukuta ukainama nje polepole, kisha ukalala chini wote. Kitanda chao kilibaki kinatazama uani, shuka limetandikwa vizuri.

Mke wa dresa alinishika mkono, akaushika sana.

Katika chumba cha kuku sikuweza kumweka mtoto mchanga. Niliwahamishia chumbani kwangu, mimi nikachukua godoro langu nikaenda kulala kwenye harufu. Katika haraka ile nilisahau jambo moja. Kesho yake adhuhuri mume wangu alirudi safari, akafungua mlango wa chumba chake kama kawaida, akamkuta mke wa mtu kitandani ananyonyesha. Alitoka mbio akaja kusimama mbele yangu uani, kofia ya kazi mkononi.

"Mke wangu, hii nyumba bado ni yetu?"

Nilimwonyesha ukuta. Alitazama shimo kwa muda mrefu. Nilijua anafikiria akiba zetu zilizozama mle, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikizifikiria.

Ofisa wa afya wa manispaa alikuja, akapima kwa fimbo, akasema shimo lijazwe mawe na ukuta usimame katika majuma mawili, la sivyo nyumba yote itafungwa. Nilivuka njia nikitaka kulia. Yule mama hakunibembeleza.

"Waite wapangaji wako, wote pamoja. Waambie ukweli wote kwa siku moja. Ukiwagawia kidogokidogo watahama mmoja mmoja."

Basi Jumapili baada ya kanisa niliwaketisha uani. Niliwaambia alichosema ofisa, kwamba sikuwa na uhakika tutamaliza, na kwamba anayetaka kuhama nitamrudishia siku zake zilizobaki. Na mwezi ule hakuna kodi. Mume wangu aligeuka kunitazama. Hatukuwa tumeongea hilo.

Kisha ndugu mkubwa wa wale wa koroboi akauliza, "Mawe tunatoa wapi?"

Tuliyatoa upande wa Menengai, kwa mkokoteni wa kuazima. Mume wangu aliomba likizo ya siku tano, akajaza shimo akisaidiana na dresa, ambaye mikono yake ilizoea bandeji na ikatoka malengelenge siku ya kwanza. Wale ndugu walipiga madebe bapa wakayaweka chini ya ukuta kuzuia maji. Sisi wanawake tulikanyaga udongo, mke wa dresa akiimba nyimbo za kwao, mtoto akilala mgongoni kama hakuna linaloendelea. Yule mama wa ng'ambo alileta sufuria ya pilau kila mchana, akasimama pale kukosoa namna tunavyofunga fito. Ofisa aliporudi alizunguka mara mbili, akaandika kwamba nyumba inafaa, akaenda. Alipopotea kwenye kona ndipo tulipopiga kelele.

Usiku mume wangu aliniambia, "Hilo la kodi ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa," alikubali, na hakulirudia tena.

Dresa na mkewe walikaa kwetu miaka minne, mpaka alipohamishiwa Molo. Siku walipoondoka nilijifanya nina kazi nyingi jikoni. Msimu wa kwanza wa viazi likafika stesheni gunia moja kutoka kwao Molo, na kila msimu baada ya hapo. Mume wangu alilipokea mwenyewe, akalibeba begani mpaka nyumbani, hataki mkokoteni wala msaidizi, na nusu alimvushia kwanza yule mama wa ng'ambo ya njia kabla hajaingia ndani.