Sakafu ya Darasa la Mwisho

Nilipofika Ujiji kumalizia mazoezi yangu ya kufundisha muziki, ziwa lilikuwa limeshachukua vyoo vya wavulana. Mlinzi wa shule alinionyesha mahali vilipokuwa. Palikuwa na maji tu, na michikichi miwili iliyolala ubavu, makuti yake bado mabichi. Mimi nimekulia Voi, Kenya, ambako maji hufuatwa mbali kwa madumu. Sikuwa nimezoea maji yanayowafuata watu.

Chuo changu kilikuwa kimekubaliana na sekondari ile kwamba nimsaidie mwalimu wao wa muziki hadi shule ifungwe, naye anikague na kunijazia fomu ya tathmini. Bila fomu hiyo nisingehitimu. Mwalimu huyo alikuwa mzee wa Kiha, amebakiza mwaka mmoja astaafu, shati lake limenyooshwa pasi kila siku, na kinanda chake mwenyewe amekifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Aliniita binti.

"Huko kwenu mnafundisha solfa?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Tunafundisha, mwalimu. Shikamoo."

"Eh, vizuri," akasema, bila kuitikia shikamoo yangu. Nilidhani ni ukali.

Kwaya ilifanyia mazoezi darasa la mwisho, lile lililo karibu zaidi na ufuko. Wiki ya kwanza nilikaa nyuma nikisikiliza, na kuna kitu kilinitatiza. Wasichana wa sauti ya pili walikuwa wakiimba sawasawa, naye mzee anawasimamisha, anagonga meza kwa rula, anawaambia wameshuka. Wavulana wa besi wakishuka kweli, anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu nikaona jinsi watoto walivyoimba: midomo wameipanua kupita kiasi, macho yote kwenye uso wake.

Nilimwuliza msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa anapiga ngoma kwa nini wanafanya vile.

Aliangalia mlangoni kwanza. "Mwalimu hasikii, madam. Akiona midomo imefunguka hafoki."

"Mkuu wa shule anajua?"

"Nani amwambie?" akasema, akaendelea kukaza ngozi ya ngoma yake.

Nami sikumwambia. Nilijiambia kwamba mgeni haji kumvua mwenyeji nguo, lakini kwa kweli nilikuwa nawaza fomu yangu.

Wimbo wa kufungia shule ulikuwa na mchezo wa miguu. Wiki ya tatu, wakati safu ya mbele inakanyaga kwa pamoja, nilisikia sauti mbili. Upande wa mlangoni miguu ilitua kwenye saruji kama kawaida. Pembeni, chini ya dirisha la ziwani, ilitoa mvumo, kama watu wanaokanyaga juu ya pipa tupu. Niliwaomba warudie. Mvumo ukarudi. Msichana wa ngoma alinitazama, nikajua naye amesikia.

Watoto walipotoka nilipiga magoti nikaweka sikio sakafuni. Kwanza nilisikia mapigo ya damu yangu mwenyewe. Halafu, chini kabisa, wimbi likagonga kitu, likavuta mchanga, likanyamaza. Likagonga tena. Kwa sikio la pili nilihesabu mawimbi ya ufukoni yaliyosikika dirishani, na kila moja lilifika chini yangu likiwa limechelewa kidogo. Maji yalikuwa yameshaingia chini ya darasa.

Nilikwenda kumleta mzee. Nilisema polepole, nikimtazama usoni ili aone midomo yangu. Akakunja suruali yake, akalala chini taratibu, akaweka sikio palepale nilipoweka langu. Alikaa muda mrefu sana. Nilisikia wimbi likigonga, nikasubiri uso wake ubadilike. Haukubadilika. Alipoinuka alijipangusa vumbi bila kunitazama.

"Hakuna kitu hapa, binti."

"Mwalimu, mimi nimesikia."

"Nimefundisha katika chumba hiki tangu hujazaliwa."

Zilipita siku kadhaa kabla sijaenda kwa mkuu wa shule. Siku hizo bado zinaniuma. Kila jioni nilirudi chumbani kwangu mtaa wa Gungu, mama mwenye nyumba ananipakulia ugali wa muhogo na samaki wa migebuka wa mawese, nami nakula nikiifikiria ile fomu. Kila asubuhi nilikuta ziwa limesogea. Siku moja lilikuwa limefika kwenye jiwe ambalo watoto hukalia. Siku iliyofuata sikuliona jiwe.

Hatimaye nilikwenda. Mkuu wa shule, mama mpole asiyependa makelele, alinisikiliza hadi mwisho.

"Fundi atakuja kuangalia wakati wa likizo," alisema. "Lakini mwalimu wako ameshanieleza hofu yako, anasema pako salama. Yeye ndiye mwenye sikio la muziki hapa."

Nilitaka kumwambia kwamba mzee hasikii. Nikaikumbuka fomu. Nikashukuru, nikatoka.

Siku ya kufunga shule wazazi walijaa uani. Viti vilikuwa vimepangwa darasa la mwisho, kwa sababu ndilo kubwa. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, rangi ya bati, na utulivu ule ndio ulionitisha kuliko mawimbi yote. Nilikwenda kwa kwaya iliyokuwa imejipanga kwenye baraza, nikawaambia washuke uani. Wote. Wazazi nao wabaki uani wamesimama, tutaimbia nje.

Mzee alikuja mbio. "Nani mwalimu hapa?"

"Ni wewe, mwalimu. Lakini watoto hawaingii humo."

"Unaniaibisha mbele ya wazazi."

"Niandikie chochote kwenye fomu. Hawaingii."

Mzee akageuka, akaingia darasani peke yake kuchukua kinanda chake, alichokuwa amekiweka mezani chini ya lile dirisha.

Nilimwita. Alikuwa amenipa mgongo. Nikamwita tena kwa nguvu zangu zote, kisha kwaya nzima ikapiga kelele, watoto arobaini kwa sauti moja: "Mwalimu! Mwalimu!" Hakugeuka. Aliinua kinanda kifuani, akapiga hatua moja, na pembe ile ya sakafu ikazama chini yake bila hata mshindo mkubwa. Tuliona mabega yake tu, na vumbi.

Nilitambaa kwa tumbo hadi ukingoni. Maji yalikuwa yanamfika kifuani, meusi, yanavuta. Mguu wake mmoja ulikuwa umebanwa na saruji. Alinitazama kama mtoto aliyeamshwa ghafla.

"Mliniita?" aliuliza.

"Tulikuita, mwalimu."

Baba mmoja, mvuvi, aliingia na kamba, na wanaume wengine wakanishika miguu nisiteleze. Walimtoa kabla ukuta haujaanza kupasuka. Ulipasuka taratibu, kuanzia dirishani kwenda juu, huku wazazi wakiwavuta watoto wao nyuma hadi barabarani. Siku hiyo hakuna aliyeimba.

Nilimtembelea hospitalini siku moja kabla ya kusafiri. Mguu ulikuwa umefungwa plasta hadi pajani. Aliomba fomu, akaijaza akiwa amelala, akiiegemeza kwenye sahani ya chakula. Kwenye utii aliniwekea alama mbaya. Kwingine kote alinipa nzuri.

"Ulijua tangu lini?" aliniuliza, akigusa sikio lake.

"Wiki ya kwanza."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mwalimu. Nisamehe."

Akafikiri. "Mimi nilinyamaza miaka sita," alisema. Kisha akaniomba nimwambie mkuu wa shule kwa niaba yake kwamba hasikii, maana yeye hawezi kulisema. Nilikataa. Nilimwambia hilo atalisema mwenyewe, kwa mdomo wake. Alinirudishia fomu, na sikujua kama ameniona nikisema au amechagua kutoona.

Nimehitimu sasa, nafundisha Voi. Mwezi uliopita mkuu wa shule ile ya Ujiji alinitumia ujumbe wa sauti. Mzee amesema ukweli, amepewa kazi ya maktaba hadi atakapostaafu. Darasa la mwisho limebomolewa lote. Kwaya imehamia darasa linalofuata, na ziwa, alisema, mwaka huu halijashuka.