Mtu wa Karatasi Aliyefunga Shuka

Juzi msomaji wangu mmoja wa Mugumu alinisimamisha stendi ya Tarime, hata salamu hajatoa, akaniambia, "Yule mpiga litungu wako wa Morotonga tumemzika." Nikasema poleni, halafu nikacheka. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyekunywa asubuhi. Wafiwa wanisamehe. Huyu marehemu, kila aliyemjua atacheka kwanza ndipo alie, na mkinivumilia mtajua kwa nini. Litungu, kwa wageni wa nchi yetu, ni kile chombo kikubwa cha nyuzi, tumbo lake limewambwa ngozi ya ng'ombe, kikilia unakisikia kifuani kabla ya sikioni. Marehemu alikipiga harusini na kwenye kila shughuli yenye pombe na wazee, akisifu watu, na hakuwa na shamba la maana wala ng'ombe. Mnyang'anye litungu, umemuua.

Miaka ile tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa. Nasema tumehamishiwa, wanaosema tulihamia hawakuwapo. Nyumba ya mama yangu iliezuliwa yeye akiwa ndani anasonga ugali, na aliyeamuru hakuwa "hali ya wakati ule" kama wanavyopenda kuandika waliosoma. Alikuwa mtu mwenye miguu miwili na kofia: katibu kata wetu. Katibu huyo huyo ndiye aliyepiga marufuku shuka. Mzee akija gulioni amefunga shuka lake begani kama alivyofunga baba yake, mgambo anamrudisha. Duka la kijiji nalo, huna suruali, huuziwi chumvi, na mwenye duka aliitikia amri hiyo kwa furaha kabisa, namtaja naye. Basi ukoo wetu ukatafuta suruali moja. Anayetoka dukani na chumvi anaivulia nyuma ya ukuta, anayefuata anaivaa, wembamba wakiishika kwa mkono, wanene wakiacha vifungo wazi. Suruali ile ilinunua chumvi kuliko mtu yeyote wa kijiji.

Aliyekuwa hajali umevaa nini ni mzee mmoja Mwislamu, asili yake pwani, mwenye kiduka Nyamisangura. Tumbaku alikufungia kwa karatasi zilizovuka mpaka wa Sirari, kurasa za vitabu vya picha. Siku moja tuko pale, marehemu akafungua tumbaku yake, akaona kwenye karatasi mtu anapaa juu ya maghorofa, kitambaa kimefungwa shingoni kinapepea nyuma.

"Shikamoo mzee. Huyu ni nani?"

"Marahaba. Huyo bwana anaruka. Anaokoa watu. Wazungu wamemtunga."

"Wazungu wapi! Huyu Mkurya. Tazama shuka alivyolifunga."

"Ala! Mkurya gani anavaa chupi juu ya suruali?"

"Si amekimbizwa na mgambo, tata! Kaambiwa vaa suruali upesi, akavaa bila kujua ipi inatangulia."

Mzee wa watu alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Marehemu yeye hakucheka. Alikunja ile karatasi taratibu, na harusi iliyofuata tukamsikia nayo, kwa Kikurya chetu:

*Umevunja mlima kwa ngumi, mtu wa karatasi,*
*chuma umekikunja kama bua la mtama.*
*Tua basi gulioni na shuka lako begani,*
*tuone kama katibu atakuuzia chumvi.*

Wimbo ukatoka harusini ukaenda mtoni, ukaenda machungani. Wanawake waliuimba wakipalilia shamba la kijiji, katibu akipita wanaendelea kwa midomo iliyofungwa, sauti tu. Ukamfikia. Akaja na mgambo wawili, litungu likabebwa kama mbuzi wa wizi hadi ofisini.

"Wewe unaimba ubeberu," katibu akasema. "Gulio lijalo utasimama mbele ya watu, useme wimbo huo umeufuta. Usiposema, hili litakuwa kuni."

"Ndugu katibu, wimbo hauko kwangu tena. Ningekuwa nao ningekupa."

"Mura, unanitania?"

"Ningekutania ningeimba."

Gulio lilifika, hakusema. Likafika jingine. Alikonda. Alikaa kwenye kizingiti, vidole vinacheza juu ya goti. Wake za watu walimpelekea uji, na mkewe alituambia, "Huyu akikosa ile kitu mpaka mavuno, mtanisaidia kuchimba."

Kilichomwokoa ni mgeni. Mkubwa kutoka mkoani alikuwa anakuja kukagua kijiji, na katibu alitaka ngoma pale gulioni. Ngoma ya kwetu bila litungu ni kikao. Ikabidi litungu litolewe ofisini, katibu akamnong'oneza marehemu huku ameuma meno, "Msifu mgeni. Ukimtaja yule mtu wako wa karatasi, linaingia motoni leo leo, mgeni akiwa hapa hapa." Marehemu akaitikia, akakaa, akajaribu nyuzi, kisha akaweka mikono magotini. Dakika zinapita. Mgeni anatabasamu, anangoja.

"Piga basi," katibu akasema.

"Nimsifuje hajavikwa?"

Hapo wazee wakaguna kwa kukubali, kwa sababu hiyo ndiyo desturi yetu: mgeni hasifiwi mpaka amefungwa shuka begani, na anayemfunga ni mwenyeji. Mwenyeji siku hiyo ni nani? Katibu. Mzee mmoja alikuwa tayari na shuka jipya jekundu, sijui alilificha wapi na mgambo wote wale. Akamkabidhi kwa mikono miwili. Katibu akasimama nalo, jasho linamtoka, adui wa mashuka ameshika shuka.

"Vipi ndugu katibu," mgeni akauliza, "halinienei?"

Akamfunga. Upepo wa kilimani ukalikamata shuka likapepea nyuma ya yule mkubwa, naye alikuwa na kifua kipana. Ndipo bibi mmoja akapiga vigelegele: "Ametua!" Marehemu alipiga nyuzi tu, mdomo ameufunga kama alivyoagizwa. Gulio zima likaimba, tangu mlima hadi chumvi.

"Wanaimba nini?" mgeni akauliza.

"Wanasema... maendeleo yamepaa, ndugu."

"Vizuri sana! Warudie!"

Tukarudia mpaka sauti zikakauka. Mgeni akamshika mkono marehemu, akasema akija tena amkute na chombo hicho, kisha akapanda Landrova na shuka lake begani, hakulivua. Baada ya hapo mgambo angemrudisha nani? Litungu lilibaki mikononi mwa mwenyewe mpaka wiki hii. Katibu naye alipandishwa cheo. Sikusema dunia hii ina haki.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu vijana wa siku hizi wanaimba redioni kwamba wao ni wale mashujaa wa sinema, risasi zinawadunda, majengo wanayaruka. Wazee wenzangu wananiandikia kwa hasira kwamba Wazungu wametuibia watoto. Mimi darasa langu ni la nne, lakini nililolishuhudia gulioni nalijua: hata sisi tulimwazima shujaa wa watu wengine, tena kutoka kwenye karatasi ya tumbaku, na hakutuharibu. Marehemu hakuimba kwamba yeye ndiye anayeruka. Alimshusha yule mtu akampanga foleni ya chumvi pamoja nasi, aone tunavyofanyiwa, na nani anatufanyia. Kwa hiyo, kijana unayeimba, mwazime umtakaye, wala usiombe ruhusa yetu. Lakini ukishamleta huku kwetu na nguvu zake zote, mtume kwa katibu wa zama zako.